911 Uani Kwako: Kazi za Kufanya Mwenyewe na za Kumwachia Fundi

Ukiwa na pesa za kununua Land Cruiser mpya, unaweza kununua Porsche 911 ya toleo la 996 iliyotumika na bado mfuko ukabaki mzito. Ndipo watu wengi wanapoingia mkenge. Gari hilo lilitengenezwa kuanzia 1997 hadi 2005, na bei yake imeshuka kwa sababu limezeeka. Spea zake na saa za fundi anayelijua hazikushuka. Mtu analinunua kwa furaha, mwaka wa kwanza anapokea ankara ya sevisi anaishiwa nguvu, mwaka wa pili gari linafunikwa turubai nyuma ya nyumba na mbuzi wanalala chini yake.

Ushauri huu ni wa mwenye gari la namna hiyo, au anayejiandaa kulinunua, aliye na uwanja wa saruji ulio sawa, Jumamosi moja moja isiyo na harusi wala msiba, na moyo wa kuchafuka. Ninavyoona mimi, sehemu kubwa ya matunzo ya 996 inafanyika nyumbani, na mwenye gari anaweza kuifanya vizuri kuliko gereji. Hamzidi fundi kwa ujuzi. Anachomzidi ni muda wa kuangalia. Fundi ana magari manne yanamsubiri na simu inaita. Wewe una gari moja.

Ninaizungumzia 996, pamoja na ndugu yake Boxster ya wakati huo, kwa sababu ndiyo 911 ya bei ya chini ambayo bado inatunzika bila maabara. Ni toleo la kwanza la 911 ambalo injini yake inapozwa kwa maji. Zote zilizotangulia tangu miaka ya 1960 zilipozwa kwa hewa na oili. Injini iko nyuma kabisa, silinda sita zimelala tatu huku tatu huku. Kenya haipokei gari lililotumika la zaidi ya miaka 8, kwa hiyo 996 iliyopo huko iliingia zamani na imepita mikono mingi. Tanzania unaweza kuliingiza likiwa zee, ila utalipa ushuru wa ziada kwa ajili ya umri wake. Kokote uliko, chukulia kwamba historia uliyosimuliwa na muuzaji ina mapengo.

Kwa hiyo kabla hujalipa, lipime kwa mashine. Kompyuta ya injini ya 996 inatunza kumbukumbu ya mara ambazo injini ilizungushwa kupita kiwango, na saa ya uhai wa injini ambayo hilo lilitokea mara ya mwisho. Muuzaji anaweza kuosha gari, kupiga rangi bampa na kurudisha nyuma kilomita, lakini ni wachache wanaokumbuka kumbukumbu hiyo. Kebo na programu ya Durametric inasoma haya yote kwenye kompyuta ya mapajani, na ukishainunua utaitumia miaka yote utakayokuwa na gari. Vile vipima vidogo vinavyouzwa kwa bei ya kuku vitakuonyesha namba za makosa ya injini tu, basi.

Kwenye vifaa, usikimbilie seti kubwa yenye vipande mia mbili. Utahitaji boksi spana nzuri, alenki, bisibisi na boksi za kichwa cha nyota, kikombe cha kufungulia filta ya oili chenye kipenyo cha milimita 74 na pembe 14, tochi ya kuvaa kichwani, na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Hiyo ya mwisho usiibanie pesa. Mafundi wetu wengi hukaza kwa mkono na uzoefu, na kwenye injini ya chuma wanafaulu. Injini hii ni ya alumini. Bolti ya chuma ikikazwa mpaka ilie ndani ya alumini, nyuzi zinalika, na sampu iliyolika nyuzi inageuza kazi ya saa moja kuwa ya wiki mbili. Bolti ya kumwagia oili inakazwa kwa nyutoni-mita 50, kikombe cha filta 25, bolti za magurudumu 130. Ziandike kwa wino ubandike ukutani.

Ongeza kitabu. Wayne R. Dempsey ameandika kimoja chenye kazi 101 za kufanya mwenyewe kwenye 996 na 997, na picha zake zinaeleweka hata kwa asiyependa kusoma. Video za mtandaoni ni nzuri pia, ila nyingi hukata pale bolti inapogoma.

Sasa kulinyanyua. Hapa ndipo nitakapokuwa mkali. Wanaosema 911 haiwezi barabara zetu wamesahau Safari Rally ya 1978, ambapo Vic Preston Junior alimaliza wa pili akiwa na 911 SC. Ni kweli, lakini gari lake lilikuwa limenyanyuliwa na kuimarishwa chini; lako linakwaruza kwenye tuta la mbele ya shule. Jeki ya kawaida haiingii chini ya kizingiti chake. Tafuta jeki fupi ya magurudumu, au pandisha tairi kwanza kwenye vipande viwili vya ubao mpana ndipo usukume jeki. Kuna sehemu nne tu za kuwekea jeki, mbili kila upande, na kitabu cha gari kinazionyesha. Weka kipande kinene cha mpira katikati ya jeki na bodi. Ukikosea kwa sentimita kumi utakunja bati la sakafu.

Kuna jambo moja ambalo wageni wa gari hili hawalijui: breki ya mkono inashika magurudumu ya nyuma peke yake. Ukinyanyua nyuma, breki hiyo haina kazi tena. Ziba magurudumu ya mbele kwa vigingi pande zote mbili, kisha shusha uzito kwenye stendi za chuma na ulisukume gari kwa bega uone kama linatikisika. Jeki ni ya kunyanyulia. Haikuundwa kukaa na gari juu ya kifua cha mtu. Matofali usiyataje kabisa, tofali la saruji hupasuka bila kutoa taarifa.

Kazi ya kwanza kujifunza ni kumwaga oili, na ningependa uifanye mwenyewe hata kama nyingine zote utamwachia fundi. Ratiba ya kiwandani ilitoa nafasi ndefu mno kati ya sevisi na sevisi. Kwa joto letu na foleni zetu, kilomita 8,000 au mwaka mmoja, kinachotangulia, inatosha. Tumia oili ya 0W-40 au 5W-40 yenye kibali cha Porsche kinachoitwa A40, kimeandikwa mgongoni mwa kopo. Nunua kwa wakala anayekupa risiti, maana oili feki ya majina makubwa imejaa madukani.

Pasha injini moto kidogo, nusu saa ya barabarani inatosha. Nyanyua, ingia chini na beseni. Hapa watu huoga oili: injini hii inabeba zaidi ya lita 8, na mabeseni mengi yanayouzwa yametengenezwa kwa ajili ya Corolla. Chukua la lita 12. Fungua bolti kwa alenki ya milimita 8, na simama pembeni kwa sababu oili itaruka mbali kabla haijatulia. Kikombe cha filta nacho kimejaa oili, kwa hiyo kizungushe taratibu na ukishushe kikiwa wima.

Usitupe filta. Ndani ya kikombe kuna kichujio cha karatasi kilichokunjwa mikunjo mingi, na ndicho kitakachokwambia hali ya injini kuliko fundi yeyote. Kikate ncha zote mbili kwa kisu kikali. Usitumie msumeno, utamwaga chenga zako mwenyewe za chuma kisha uziogope. Tandaza karatasi juu ya kigae cheupe au sahani nyeupe, washa tochi kwa pembeni ili mwanga upite juu juu, na uikunjue mkunjo baada ya mkunjo. Chukua sumaku, ivishe kimfuko chepesi cha nailoni, ipitishe juu ya karatasi polepole.

Vipande vya kahawia au vyeusi vinavyovunjika kwa ukucha ni plastiki ya reli zinazoongoza minyororo ya injini. Injini zee hutoa vichache na gari linaendelea kutembea miaka. Viandike na uangalie kama mara ijayo vimeongezeka. Vumbi laini la fedha lisiloshikwa na sumaku ni alumini. Kidogo sana ni kawaida, kikiwa kingi ujue kuna kinachosagana. Lakini sumaku ikinyanyua vipande bapa vinavyong'aa, hata vitatu, usiwashe gari. Uwezekano mkubwa ni beringi ya shafti ya kati, nitakayoirudia, na kilomita moja zaidi inaweza kuua injini nzima. Gereji inayomwaga oili kwa dakika ishirini haiwezi kukufanyia uchunguzi huu hata ukiiomba, maana filta inaingia kwenye pipa ikiwa bado inadondosha. Piga picha ya karatasi, andika tarehe na kilomita, weka kwenye simu. Baada ya sevisi chache una historia ya injini ambayo mwenye gari aliyekutangulia hakuwa nayo.

Rudisha kila kitu kwa washa mpya ya alumini na ringi mpya ya mpira kwenye kikombe, ukaze kwa toki. Mimina lita saba na nusu, washa, zima, subiri oili ishuke, gari likiwa limesimama sawasawa, ndipo uongeze kidogo kidogo huku ukipima. Ikizidi ni mbaya. Kuna chombo juu ya injini kinachotenganisha mvuke na oili, na oili iliyozidi inakijaza na kukichosha mapema. Kikipasuka utakijua: ukiwasha gari, moshi mweupe utafunika uchochoro mzima na majirani watatoka na ndoo. Kimoshi kidogo cha asubuhi kinachokata baada ya sekunde chache kisikutishe. Silinda zimelala, oili kidogo hubaki ndani usiku, na zote zinafanya hivyo.

Oili chafu usiimwage mtaroni. Waliozoea kuipaka kwenye nguzo za uzio dhidi ya mchwa wanajua wateja hawakosekani, ila lita nane ni nyingi, na inachafua maji ya kisima. Ipeleke gereji au kituo cha mafuta kinachokusanya.

Baada ya oili, kinachoua magari haya kwenye miji ya pwani ni joto, na chanzo chake mara nyingi ni uchafu. Rejeta za 996 ziko mbele, moja kila pembe ya bampa, na mbele ya kila moja kuna rejeta nyembamba ya kiyoyozi. Matundu ya bampa yanafyonza kila kinachopeperuka barabarani: majani ya mwarobaini, manyoya, vipande vya mifuko. Vinanasa kati ya rejeta mbili, vinalowa, vinashika chumvi ya hewa ya bahari, na alumini inaanza kuoza bila wewe kuona chochote kutoka nje. Kuingiza vidole matunduni hakutoshi. Vua bampa. Inatisha kuitazama lakini ni skrubu chache juu, pembeni na chini. Omba mtu akushikie upande wa pili isianguke. Legeza rejeta ya kiyoyozi bila kufungua bomba lake lolote, isogeze, toa majani kwa mkono, kisha osha kwa maji ya bomba la bustani na brashi laini. Mashine ya kuoshea magari italaza mapezi yote. Fanya hivi kila mwaka, masika yakiisha.

Ukiwa hapo washa gari na kiyoyozi, usikilize feni. Zote mbili zinapaswa kuzunguka polepole. Ikiwa moja imekaa kimya na inaamka tu gari likichemka, rezista yake imeungua. Ni ugonjwa wa kawaida wa gari hili, spea yake ni ndogo, na ukiuacha utaujua siku umekwama kwenye foleni saa nane mchana.

Maji ya rejeta hayana haja ya kubadilishwa kila wakati, yana haja ya kuwa sahihi. Mfumo mzima unabeba zaidi ya lita 20, nusu kulanti nusu maji yaliyochujwa ya betri. Maji ya kisima yana madini yatakayobaki ndani ya alumini. Tangi la akiba liko nyuma pamoja na injini na hupasuka kwa uzee. Harufu tamu baada ya kuegesha, au ukoko mweupe chini ya tangi, ndiyo dalili. Na yupo fundi atakayekushauri utoe thamostati ili gari "lipoe zaidi". Mkatalie. Injini itachelewa kupata joto lake, kompyuta itadhani kila siku ni asubuhi ya baridi na kuendelea kuongeza petroli, nayo petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda. Hizi ni silinda ambazo tayari zina sifa mbaya ya kuchubuka. Ukiona ekzosi ya upande mmoja ina masizi yenye oili kuliko mwenzake, na injini inagonga taratibu ikiwa moto, tafuta mtu mwenye kamera ya kuchungulia ndani ya silinda.

Breki hazina siri kubwa. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na Pwani unyevu hauna likizo, kwa hiyo badilisha kila miaka 2 kwa DOT 4 kutoka kopo ambalo halijafunguliwa. Ikidondokea rangi, mwagia maji papo hapo. Magurudumu ya gari hili hufungwa kwa bolti, hayana nati, yaani unalishika gurudumu zito kwa mikono miwili huku ukitafuta tundu kwa bolti. Nunua pini ya kuongozea au chonga moja kutoka kwenye bolti ndefu iliyokatwa kichwa. Itakuokoa usikwaruze diski na usijeruhi mgongo.

Betri iko mbele, chini ya boneti. Kwenye magari ya miaka ya mwisho ya toleo hili boneti inafunguliwa kwa umeme, kwa hiyo betri ikifa hufungui boneti, na usipofungua boneti hufikii betri. Njia ipo kwenye boksi la fyuzi miguuni pa dereva: kuna kichomeo kinachovutwa nje na kupewa umeme chanya kutoka betri nyingine. Jifunze kukitumia leo mchana, betri ikiwa nzima. Gari linalotoka Jumapili tu litafutiwe chaja ndogo ya kudumisha betri.

Kwenye spea, tumia namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17, usinunue kwa kufananisha macho. Porsche haitengenezi kila kitu: filta za Mahle, plagi za Bosch, klachi ya Sachs ni zile zile ukizitoa kwenye boksi lenye nembo, na bei hupungua sana. Kirinyaga Road Nairobi na Gerezani Dar es Salaam utapata mengi ya kutumika humu, kama oili, kulanti, waya, klipu na hata beringi za vipimo vya kawaida. Spea zenyewe za Porsche, wengi huagiza Ujerumani, Uingereza au Dubai. Agiza mbili mbili zile ndogo za bei rahisi, washa na ringi, usije ukalaza gari wiki tatu kwa sababu ya mpira wa shilingi chache.

Yapo ya kuacha. Mifuko ya hewa ya usukani, gesi ya kiyoyozi na springi zilizobanwa si za uani. Juu ya yote ipo hiyo beringi ya shafti ya kati. Ndani ya injini za kawaida za 996 kuna shafti inayopokea mzunguko kutoka kranki na kuupeleka kwenye minyororo ya valvu, na ncha yake moja imebebwa na beringi iliyofungwa na grisi yake ndani. Miaka inapita, oili inaingia, grisi inatoka, beringi inabaki kavu. Ikivunjika, mpangilio wa valvu unapotea na pistoni zinakutana nazo. Za mwanzo zilikuwa na safu mbili za gololi na zilivumilia zaidi. Zilizofuata hadi 2005 zilikuwa na safu moja, nazo ndizo zilizoipa injini jina baya. Turbo, GT3 na GT2 zina injini ya ukoo mwingine na hazina tatizo hili, ingawa bei yake itakukumbusha tofauti.

Kubadilisha beringi hii kunahitaji giaboksi ishuke, klachi itoke, kemshafti zifungwe kwa vifaa maalumu na minyororo ilegezwe kwa utaratibu wake. Hatua moja ikirukwa umeharibu kile ulichotaka kuokoa. Ifanye siku klachi inapobadilishwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ni ile ile, na umtafute fundi aliyewahi kuifanya, hata kama ni kumlipia nauli kutoka mji mwingine. Muulize anafungaje kemshafti kabla hajashusha giaboksi. Akibabaika, mshukuru kwa chai uondoke. Nunua beringi mwenyewe, pamoja na sili ya nyuma ya kranki, maana hiyo nayo huvuja na huifikii tena bila kushusha giaboksi. Kazi ikiisha, dai beringi ya zamani mkononi mwako, izungushe uone kama inakwaruza, kisha umwage oili mpya baada ya kilomita 500 za kwanza na uikate filta kama kawaida.